Nusu ya Bayumi

Katika soko lote la mji wetu wa Tanta hapakuwa na mtu aliyetukanwa, akabembelezwa na kuombewa dua kwa wakati mmoja kama Bayumi, mkuu wa ghala la Hajj Dusuki, kila Mfungo Sita ulipokaribia. Si kwamba alikuwa na ukubwa wowote wa kutisha. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na shati lake la kazini lilinukia ufuta wa kukaanga hata likitoka kwa dobi. Lakini yeye ndiye aliyeamua nani apakiziwe kashata za Maulidi leo na nani aambiwe arudi kesho, na mtu mwenye uwezo huo atapendwa tu, hata na wasiompenda.

Biashara yenyewe ina wazimu wake. Maulidi yakikaribia, hakuna nyumba kwetu inayokubali kukosa boksi: kashata za ufuta, za dengu, za karanga, za nazi, na zile laini zilizojazwa lozi ambazo wazee wasio na meno huzinyemelea kabla ya wajukuu. Kijana asiyempelekea mchumba wake boksi na mwanasesere wa Maulidi ajue posa imeingia mdudu, maana mama mkwe atalisema hilo mpaka siku ya harusi, kama harusi itakuwapo. Halafu siku ya kumi na mbili ikishapita, yule yule aliyekuwa akigombania boksi kwa viwiko, ukimpa bure anakutazama kana kwamba umempa makombo ya jana. Na huwezi kuzipika mapema ukaziweka. Ufuta hutoa mafuta, dengu hulainika, na joto hugeuza katoni nzima kuwa bonge moja la sukari. Kwa hiyo masufuria ya Hajj Dusuki hayakuwashwa mpaka watu wamalize nyama ya Idi Kubwa, na hapo ndipo oda zote, za mjini, za vijijini, za Kafru Zayati mpaka Damanhuri, zilipokuja kwa mkupuo. Masufuria yale yale, wapishi wale wale, oda zimerundikana mezani, simu hailali.

Dawa ya Bayumi ilikuwa moja: nusu. Ukiagiza katoni mia, alikuandikia mia, akakupa mkono, akakuambia, "Utapata zote mwaka huu, inshallah," kisha akakupakizia hamsini. Alifanya hivyo kwa wote, wakubwa kwa wadogo, na kwa hilo aliitwa mwadilifu. Wenye maduka nao hawakuzaliwa jana. Anayetaka hamsini aliagiza mia, akaguna na kulalamika alipoletewa hamsini, kisha akaenda zake ameridhika. Bayumi alijua kwamba wanajua, nao walijua kwamba anajua, na hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo kwa sauti. Likaenda hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila asubuhi ya Maulidi ghala lilikuwa tupu, limefagiwa, na Bayumi alikuwa akikaa mlangoni na glasi ya chai kama mtu aliyeoza binti.

Kisha ukaja mwaka ambao sukari iliadimika. Watu walipanga foleni kutafuta mfuko mmoja wa nyumbani, seuze kiwanda. Bayumi hakuweza kutoa hata nusu. Alitoa robo, na wengine robo yenyewe waliipata imemeguka. Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Mitwali, mwenye duka kubwa karibu na stesheni ya Kafru Zayati, mtu wa masharubu na kicheko kikubwa, ambaye alipenda utani lakini hakupenda kutaniwa. Siku ile aliteta kwenye simu mpaka sauti ikamkauka.

"Robo, Bayumi? Robo! Nimeagiza kashata au nimeagiza dawa ya kikohozi?"

"Sukari hakuna, Bwana Mitwali. Wote wamepata hivyo hivyo."

"Wewe nusu ulikuwa unatupa kwa sababu wewe mwenyewe ni nusu. Sasa naona umezidi kupungua."

Bayumi alidhani maneno yameishia hapo. Ilipofika Idi ya kufungua, dereva wa Mitwali alisimamisha gari mbele ya nyumba yake, mchana, majirani wote wamekaa barazani na nguo zao mpya. Akateremka na sahani kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Ihsan, mke wa Bayumi, alitoka mbio kuipokea huku akimwombea Mitwali maisha marefu, akafunua. Zilikuwa kahki, zile biskuti za Idi zenye sukari ya unga juu, zimepangwa vizuri sana upande mmoja wa sahani. Upande wa pili ulikuwa mtupu, umefutwa mpaka unang'aa.

Dereva alitazama viatu vyake. "Bosi ameniambia niseme hivi: nusu kwa Bayumi Nusu."

Watu walicheka. Walijaribu kujizuia, lakini walicheka, na mimi siwalaumu, maana tusi lililopangwa vizuri linachekesha hata kama unampenda anayetukanwa. Jina likaganda. Muuza maharage akawa anamwuliza Bayumi asubuhi kama anataka bakuli au nusu bakuli. Kinyozi akamwuliza kama anyoe kichwa chote. Bayumi alicheka nao, akarudi nyumbani, na Ihsan akamkuta amekaa kitandani amevaa viatu.

"Baba Nuha, si utani tu?"

"Utani," alisema. "Maisha yangu yote nimegawa haki, mama. Leo haki imekuwa kichekesho."

Huo ndio moyo aliokuwa nao Bayumi, Hajj Dusuki alipomwita ofisini, siku chache kabla ya masufuria kuwashwa. Hajj alikuwa mzee sana kufikia wakati huo. Alivaa sweta kwenye joto na alisikia kwa sikio moja, lakini akili ilikuwa bado imekaa mahali pake. Juu ya meza palikuwa na rundo la oda za miaka iliyopita.

"Kaa, Bayumi. Wanangu wamenichosha," alisema. "Wanataka kubomoa. Wanataka ghorofa hapa, watu wakae juu ya watu, chini maduka ya simu."

"Mungu apishe mbali."

"Sikiliza kwanza. Hazim amejumlisha oda hizi. Anasema, 'Baba, kila mwaka unaombwa mzigo mara mbili ya unaoutoa. Hiki si kiwanda, hili ni jiko la bibi. Ama upike kila kinachoagizwa, ama ufunge.' Na mimi sikuwa na jibu." Mzee alivuta pumzi. "Tumepatana. Msimu huu nitapika zote. Asubuhi ya Maulidi nikiingia ghalani nikakuta patupu, kiwanda kinabaki. Nikikuta mzigo, nawapa funguo siku hiyo hiyo."

Bayumi alisogeza kiti karibu na meza.

"Sasa nakuuliza wewe, maana wewe ndiye unayewajua hawa watu. Oda hizi ni za kweli? Kama ni upepo, niambie sasa hivi nisijisumbue. Nitawapa funguo leo, nikalale."

Hapo ndipo yalipokuwa mambo yote. Jibu Bayumi alikuwa nalo. Lilikuwa fupi na alilijua kuliko alivyojua jina la baba yake: nusu ni watu, nusu ni upepo. Lakini angelisema, kiwanda kilikuwa kimekwisha saa ile ile, na wanawake wa kufunga maboksi, na wapishi waliorithi mwiko kutoka kwa baba zao, na yeye mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi nyingine wala hakujua kama nyingine ipo. Akakumbuka na ile sahani. Akawaza, kwa nini isiwe kweli? Watu wamekosa kashata mwaka jana, wana njaa nazo. Mara moja tu katika maisha yake Bayumi atampa mtu alichokiomba, kizima.

"Ni za kweli, Hajj," alisema.

"Shingoni mwako?"

"Shingoni mwangu."

Hajj Dusuki alimtazama kwa muda, kisha akaomba chai iletwe.

Bayumi hakuwa mpumbavu, na asije mtu akasema alikuwa. Alijua ametamka neno kubwa, akaanza kutafuta namna ya kulifanya liwe kweli. Kudai malipo ya awali kwa wenye maduka lilikuwa jambo lisilowezekana. Kwetu ukimdai hivyo mtu uliyekunywa naye chai miaka na miaka, umemwita mwizi mbele ya wanawe. Lakini Fatiha aliweza kuomba. Mahari hupatanishwa kwa Fatiha, mashamba huuzwa kwa Fatiha. Nani atasoma Fatiha juu ya uongo? Akavaa shati safi, akapanda gari, akapita duka kwa duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mitwali alimpokea kwa vifijo.

"Karibu Bayumi! Karibu mzima mzima! Au umekuja nusu, nusu nyingine inapaki gari?"

Bayumi alimeza hilo. "Bwana Mitwali, yaliyopita yamepita. Mwaka huu unataka ngapi?"

"Andika mara mbili ya mwaka jana."

"Mara mbili ya mwaka jana ni mzigo mkubwa."

"Na mdomo wangu je, mdogo? Andika."

"Nikiandika nitakuletea. Mwaka huu utapata zote."

"Inshallah, inshallah," alisema Mitwali, na masharubu yakatikisika. "Mungu akupe nguvu."

"Basi tuisomee Fatiha."

Mitwali alimtazama kwa mshangao kidogo, kisha akainua mikono bila ubishi, maana nani hukataa Fatiha? Wakasoma wote wawili, midomo ikicheza, wakajipangusa nyuso. Mitwali akaagiza chai na akamwekea Bayumi sukari kwa mkono wake. Kila duka lilikuwa hivyo. Bayumi alirudi Tanta na oda nyingi kuliko zilizowahi kuonekana, na kila moja imesomewa Fatiha, naye akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile Idi ya sahani.

Na ule msimu, ee, ulipendeza. Mtu asiseme haukupendeza. Sukari ilikuwa imerudi sokoni, na Hajj alitoa akiba yake yote ikawa sukari, ufuta, lozi na gesi. Wanawake waliongezwa kutoka vijijini, na Mama Hashim, mkuu wa wafungaji, mwanamke mwenye mdomo ambao hata polisi waliuogopa, alikuwa akipita katikati ya meza akiwatania mabinti.

"Wewe, acha kula bidhaa! Unafunga au unafuturu?"

"Imevunjika, Mama Hashim."

"Na mimi nimevunjika, mbona hunili?"

Harufu ya ufuta ilifika mpaka uwanja wa msikiti wa Sayidi Badawi, na wageni wa ziara waliifuata kama watoto. Ghala lilijaa, likajaa tena, mpaka katoni zikafunika dirisha na taa ikawa inawashwa mchana. Mwaka ule Maulidi yaliangukia kwenye joto kali. Bayumi alikodi mapanga boi makubwa, akayaelekeza kwenye katoni, yeye mwenyewe akabaki anatiririka jasho. Ihsan alimletea chakula ghalani, akasimama mlangoni akashangaa.

"Baba Nuha, hizi zote zina wenyewe?"

"Kila moja ina jina lake."

Lori la kwanza lilikwenda Kafru Zayati. Lilirudi kabla ya adhuhuri likiwa na nusu ya mzigo juu.

Bayumi alidhani ni kosa la dereva. Akampigia kelele, akapanda mwenyewe mbele, wakageuza. Dukani kwa Mitwali palikuwa pamechangamka, wateja wamebanana, wanasesere wa rangi rangi wamening'inizwa mlangoni. Mitwali alimwona akacheka kwa furaha ya kweli.

"Bayumi! Mzigo wako wa mwaka huu ni asali. Mungu aibariki mikono yenu."

"Mbona umerudisha lori?"

"Sikurudisha. Nimeteremsha nusu yangu."

"Na nusu ya pili?"

"Nusu ya pili?" Mitwali aliwatazama wateja kana kwamba anatafuta shahidi. "Tangu lini nusu ya pili ikawa yangu?"

"Uliagiza kwa mdomo wako, Bwana Mitwali. Tukasoma Fatiha."

Kicheko kikakoma. Mitwali alimshika mkono akamvuta nyuma ya magunia, mbali na watu, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Usinitie dhambini mbele ya wateja. Nilisoma, ndiyo, na niliisomea nia yangu. Nia yangu ilikuwa nusu, kama siku zote. Wewe uliisomea nini?"

"Niliisomea oda."

"Oda! Ndugu yangu, wewe ndiye uliyetufundisha mchezo huu. Mimi nadanganya juu, wewe unadanganya chini, katikati tunakutana tunakula riziki yetu. Leo umeamua kusema kweli peke yako? Ungeniambia basi. Ungenishika hivi nilivyokushika, ukaniambia, Mitwali, safari hii sitanii."

"Nilikuambia. Nilikuambia utapata zote."

"Kila mwaka unaniambia hivyo!"

Kwa kweli kila mwaka Bayumi alimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, na kila mwaka walipeana mikono juu yake. Alisimama pale kati ya gunia la mchele na gunia la dengu, akatamani Mitwali amtukane. Lakini Mitwali hakumtukana. Alimpa maji baridi, akachukua katoni chache za ziada kwa kumstahi Bayumi, akasema nyingine hana pa kuziweka wala pa kuziuza, na hilo lilikuwa kweli.

Basi ikawa hivyo kila mahali. Santa, Mahalla, Damanhuri, lori linatoka limejaa linarudi nusu, na wote kwa heshima, kwa chai, kwa kuapa. Bayumi aliacha kula. Alipeleka katoni kwa wachuuzi wa stesheni, kwa mashule, kwa binamu za binamu zake. Alisimama mwenyewe uwanjani pa Sayidi Badawi na meza, akiita wateja, mtu wa umri wake, na waliomjua walinunua kwa haraka na kuondoka bila kumtania, jambo lililomwuma kuliko utani. Huku nyuma joto lilikuwa likifanya kazi yake. Ukifungua katoni ya chini unakuta kashata zimeshikana, ukibandua inameguka, na boksi lililomeguka hakuna mchumba wa kulipeleka popote.

Asubuhi ya Maulidi, qaswida zikisikika kutoka vipaza sauti vya misikiti, Hajj Dusuki aliingia ghalani akimshikilia Hazim. Bayumi alikuwa amefagia sehemu iliyobaki wazi, karibu na mlango. Aliifagia vizuri sana. Zaidi ya hapo palikuwa ni katoni mpaka juu.

Hajj hakupaza sauti. Aligusa katoni moja kwa kiganja, akaona vidole vinanata, akavifuta kwenye sweta lake. Kisha akatoa funguo mfukoni na kumpa mwanawe pale pale. Hazim alizipokea ameinamisha kichwa, na kusema haki hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

Alipotoka Hazim, Bayumi alisema, "Nilijua, Hajj. Uliponiuliza nilijua."

"Na mimi nilijua," alisema mzee. "Nani asiyejua nusu ya Bayumi?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka uniongopee. Sikuwa na mwingine wa kunifanyia hivyo." Alikalia katoni, ikabonyea chini yake. "Nilidhani labda tungebahatika."

Wakakaa wote wawili wakisikiliza qaswida. Bayumi alilia bila kuficha, na Hajj alimwacha alie.

Amri ya mwisho ya Hajj ilikuwa mzigo ugawiwe wafanyakazi, kila mtu achukue atakacho. Wanawake walipanga mstari mlangoni, Mama Hashim mbele, na kwa mazoea tu Bayumi akakaa kwenye kiti chake cha siku zote.

"Ngapi, Mama Hashim?"

"Nipe sita, Ami Bayumi."

Akamsukumia sita. Mama Hashim alizihesabu kwa macho, akamtazama, akazihesabu tena.

"Ami, hizi ni sita."

"Si umesema sita?"

"Nimesema sita, lakini..." Mtu mmoja nyuma alicheka, mwingine akamfuata, na kwa kitambo kidogo ghala zima lilikuwa linacheka na Mama Hashim mwenyewe akipiga mapaja. "Nitazipeleka wapi zote hizi, mimi na meno yangu manne! Ewe Ami Bayumi, umetuharibia mahesabu!" Kisha akaziba uso kwa shungi lake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa namna nyingine.

Kiwanda kilibomolewa kabla ya baridi kwisha. Hajj Dusuki hakuuona ubomoaji. Alikuwa ameshatangulia, Mungu amrehemu. Mama Hashim alikwenda kuuza mboga, wapishi wawili walikwenda Iskandaria na wengine sijui walikokwenda. Bayumi alizunguka kwenye viwanda vingine kuomba kazi ya ghala. Walimpa chai. Walimwambia watamwita msimu ukifika, inshallah, na Bayumi, aliyelitumia neno hilo kwa watu wengi sana, alielewa maana yake. Akawa anakaa barazani. Kinyozi hakumwuliza tena kama anyoe kichwa chote, na muuza maharage alimjazia bakuli bila kusema kitu.

Idi ya kufungua ilipofika, gari la Mitwali lilisimama mbele ya nyumba. Majirani walikuwa barazani na nguo zao mpya, kama mwaka uliopita. Dereva aliteremka na sahani ile ile kubwa, kitambaa kile kile cheupe. Ihsan hakutoka mbio safari hii. Aliipokea taratibu, akaipeleka ndani, akaiweka mbele ya mumewe na kufunua.

Ilikuwa imejaa. Kahki zilipangwa pande zote, zikapandishwa juu kama kichuguu, zenye lozi, zenye tende, zenye peremende laini ya lokumu, na sukari ya unga imemwagwa juu bila ubahili.

"Bosi anakusalimia," dereva alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amevua kofia. "Anasema Mungu akufungulie mlango."

Bayumi alimshukuru, akamtakia Idi njema, akangoja mpaka gari likaondoka. Ihsan alichagua kahki nzuri ya juu, akaipangusa sukari iliyozidi, akamnyooshea.

"Kula, Baba Nuha. Mwaka huu ametuletea nzima."

Bayumi alitazama ile kahki mkononi mwa mkewe, hakuipokea.

"Angeniletea nusu," alisema. "Nusu ingenitosha."